Mguu Uliochelewa Kutua: Uchambuzi wa Kisa cha Mpigaji wa Besiboli Kisumu

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinamhusu mchezaji wa miaka 16, mpigaji wa mkono wa kulia, aliyejiunga na kikundi chetu cha besiboli mjini Kisumu baada ya kuchezea shule yake hoki kwa miaka mitatu. Nitamwita Mchezaji K. Jina la shule, uwanja tunaoutumia na tarehe za mechi nimeviacha kwa makusudi, na video zinazotajwa hapa zilichukuliwa kwa idhini ya mama yake na hazijaonyeshwa nje ya kikundi.

Anayeijua michezo ya shule za Nyanza na Magharibi hatashangaa kwamba kijana huyu alitoka kwenye hoki. Besiboli kwetu bado ni mgeni. Magongo yetu manne na ndoo moja ya mipira tuliyapata kupitia marafiki walioko Uganda, ambako mchezo huu umeshika mizizi kiasi kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Marekani. Kwa hiyo karibu kila mpigaji tunayempokea huja na mwili uliokwisha kufundishwa na mchezo mwingine, na kazi ya kocha huanza kwa kujua ni kipi cha zamani kinachomfaa na ni kipi kinachomzuia.

Kwa K, kilichomfaa kilionekana siku ya kwanza. Mchezaji wa hoki hushika mkono wa kushoto mwishoni mwa mpini na wa kulia upande unaoelekea kichwa cha kigoe, na mpigaji wa besiboli wa mkono wa kulia hupanga mikono yake vivyo hivyo. Hatukuwa na haja ya kumfundisha kushika gongo. Tulipomwekea mpira juu ya kigingi, yaani ile nguzo fupi ya mpira inayoubeba usawa wa kiuno ili mpigaji apige mpira uliotulia, aliupiga kwa nguvu na kwa sauti safi, na wenzake wakaacha mazoezi kumtazama. Nilijiambia kwamba tumepata mpigaji.

Mrushaji aliposimama mbele yake, mambo yakageuka. Katika mechi sita za kwanza za mazoezi alipata zamu 19. Alifika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, kwa pigo mara mbili tu, na mara tisa alitolewa kwa straiki tatu, yaani baada ya kuhesabiwa majaribio matatu yaliyoshindwa. Mipira mingi aliyoigusa ilibiringika chini kuelekea kwa walinzi wa ndani, wale wanaosimama karibu na besi. Baada ya mechi ya tatu alinijia akaniambia, “Kocha, mpira unanipita kabla sijaamua.” Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, lakini nilidhani analalamika. Ilinichukua mwezi mzima kutambua kwamba alikuwa amenipa jibu.

Muda alionao mpigaji

Kabla ya kueleza tulichofanya, ni lazima msomaji aijue hesabu ya muda, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Kutoka kibao cha mrushaji hadi kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, umbali uliowekwa tangu 1893, lakini mrushaji hupiga hatua mbele anaporusha, kwa hiyo mpira huachiwa takriban mita 16.7 kutoka kibao cha nyumbani. Mpira wa kasi wa wachezaji wa kulipwa, ukienda kilomita 145 kwa saa, hufika katika muda wa takriban sekunde 0.4. Warushaji wetu hurusha kama kilomita 105 kwa saa, na mpira wao hufika baada ya takriban sekunde 0.6. Ndani ya muda huo mpigaji anapaswa kuuona mpira unavyotoka mkononi, kukadiria utapita wapi, kuamua kama ataupiga, na kulileta gongo mahali pake. Gongo lenyewe, tangu linapoanza kwenda mbele mpaka linapokutana na mpira, humchukua mpigaji stadi takriban sekunde 0.15. Asiye stadi hutumia zaidi, na kila kinachoongezeka kwenye safari ya gongo hukatwa kwenye muda wa kutazama.

Nafasi ya kukosea nayo ni ndogo mno. Gongo haliruhusiwi kuzidi unene wa sentimita 6.6, na kipenyo cha mpira ni kama sentimita 7.4. Vitu viwili vya mviringo vinavyokutana kwa kasi, vikipishana kwa sentimita mbili tu juu au chini, hugeuza pigo zuri kuwa mpira wa kubiringika au wa kupaa moja kwa moja hewani. Ukiwahi au ukichelewa kwa sehemu mbili za mia za sekunde, mpira unatoka nje ya mstari wa besi ya kwanza au ya tatu.

Nguvu ya pigo haianzii mikononi. Mpigaji huhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, mguu wa mbele unakanyaga na kukaza, na ardhi inausukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake. Msukumo huo ndio unaogeuza nyonga. Nyonga ikianza kugeuka huku mabega yakiwa bado nyuma, misuli ya kiwiliwili hujinyoosha kama mpira wa manati unaovutwa; kisha mabega yanafuata, mikono inafuata mabega, na gongo linakuja mwisho likiwa na kasi kuliko vyote vilivyolitangulia. Kila kiungo kinapopunguza mwendo hukikabidhi kinachofuata kasi yake. Mtu yeyote aliyefyeka uwanja wa shule kwa fyekeo analijua jambo hili mwilini hata kama hajawahi kulitamka: anayefyeka kwa mkono mtupu huchoka kabla ya kumaliza kipande chake, ilhali anayekita miguu, akageuza kiuno na kuliacha fyekeo lifuate, hufyeka asubuhi nzima.

Kuna kanuni moja zaidi. Mikono ikiwa karibu na kifua wakati mwili unageuka, gongo ni jepesi kuzungushwa. Mikono ikinyooka mapema, uzito wa gongo unakwenda mbali na mhimili wa mwili, na ugumu wa kulizungusha huongezeka kwa mraba wa umbali huo: umbali ukiwa mara mbili, ugumu unakuwa mara nne. Kwa hiyo mpigaji anayenyoosha mikono mapema hupoteza mara mbili, kwa kuwa gongo lake linapita njia ndefu na linaipita polepole.

Mwezi wa kwanza: maagizo matatu

Niliona mipira inayobiringika na straiki nyingi, nikaamua kwamba K anapiga kwa pupa na kwamba hana nguvu za kutosha mikononi. Kutokana na uamuzi huo nilimpa maagizo matatu, na sababu zangu wakati ule zilikuwa hizi.

La kwanza, nilimwambia alete gongo kutoka juu kwenda chini, kama anayekata kuni. Hili ni agizo la zamani ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa, na hoja yake ni kwamba njia ya kutoka begani kwenda kwenye mpira ni fupi ikishuka moja kwa moja. La pili, nilimnyang'anya gongo la alumini la sentimita 79 lenye takriban gramu 740 nikampa la mbao la watu wazima lenye takriban gramu 880, nikiamini kwamba mikono ikizoea uzito itakuwa na kasi zaidi baadaye. La tatu, nilimwagiza auzungushe mguu wa nyuma kama mtu anayezima kipande cha sigara kwa kiatu, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwamba nyonga yake haigeuki.

Kila agizo lilimwongezea kazi, na hakuna hata moja lililomwongezea muda. Baada ya wiki tatu alikuwa anapiga vibaya hata kwenye kigingi. Mguu wa nyuma ulizunguka kama nilivyoagiza, lakini ulizunguka mahali pamoja huku uzito ukibaki nyuma, na mwili ukajipinda bila kwenda popote. Mipira aliyoigusa sasa ilikuwa inagonga ardhi mita chache mbele yake. Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba aliacha kuniuliza maswali. Alikuwa kijana mwenye maswali mengi, lakini sasa alikuwa anaitikia tu, “Sawa, Kocha,” kisha anarudi kwenye foleni.

Tulichokiona kwenye video

Uamuzi wa kusimamisha maagizo yote ulitokana na kimya hicho kuliko na takwimu. Nilimrudishia gongo lake jepesi, nikamwomba apige kwa siku mbili anavyojua mwenyewe, na mzazi mmoja akatusaidia kwa simu inayochukua picha 240 kwa sekunde. Tuliifunga nyuma ya wavu upande wa besi ya kwanza, ambapo kifua cha mpigaji wa mkono wa kulia kinaonekana vizuri. Katika hesabu hiyo kila picha ni sawa na sekunde 0.004 hivi, na mtu yeyote anaweza kuihesabu kwa kidole bila programu ya kulipia.

Tulihesabu kurudi nyuma kuanzia picha ambayo gongo linagusa mpira. Kwenye kigingi, mguu wa mbele wa K ulitua picha 70 kabla ya mguso, na mikono ilianza kwenda mbele picha 53 kabla ya mguso. Mpangilio ulikuwa sahihi: mguu, kisha mikono. Mbele ya mrushaji, mikono ilianza picha 52 kabla ya mguso, karibu sawa na kwenye kigingi, lakini mguu wa mbele ulitua picha 38 kabla ya mguso. Mikono ilikuwa imekwisha kuondoka kwa picha 14, yaani karibu sekunde 0.06, huku mguu ukiwa bado hewani. Katika muda huo mpira wa mrushaji wetu unasafiri zaidi ya mita moja na nusu.

Picha hizo zilieleza karibu kila kitu nilichokuwa nimekisoma vibaya. Nyonga haikugeuka kwa sababu mtu aliyesimama kwa mguu mmoja hana pa kukanyagia ili aigeuze. Mikono ilitangulia kwa sababu mpira ulikuwa umefika na mwili haujawa tayari, kwa hiyo kiungo pekee kilichokuwa huru ndicho kilichokwenda. Ilipotangulia bila mwili kuigeuza, ilinyooka, na gongo likazunguka kwa mbali. Kichwa nacho kilikuwa bado kinashuka pamoja na hatua wakati gongo liko njiani, kwa hiyo macho yake yalikuwa yanautazama mpira kutoka mahali panapobadilika.

Lakini kwa nini mguu uchelewe mbele ya mrushaji na usichelewe kwenye kigingi? Majibu yalikuwa mawili, na la kwanza lilitoka kwa mwalimu aliyemfundisha K hoki, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi. Nilimwonyesha video, akaitazama mara tatu, kisha akasema, “Hapo mimi ndiye niliyemfundisha, Mwalimu. Kwenye hoki ukikanyaga kabla hujajua mpira unakwenda wapi, unapigwa chenga.” K alikuwa anafanya mbele ya mrushaji kile alichofundishwa vizuri kwa miaka mitatu: kungoja aujue mpira, kisha akanyage, kisha apige. Katika hoki muda huo upo. Kwenye kigingi upo pia, kwa kuwa mpira umetulia.

Jibu la pili lilikuwa chini ya miguu yetu. Uwanja wetu ni wa ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na katika kisanduku cha mpigaji wapigaji waliotangulia walikuwa wamechimba shimo la kina cha kiganja, lenye ukingo mgumu pale hasa mguu wa mbele wa K ulipotakiwa kutua. Kigingi tulikiweka pembeni, kwenye nyasi. Nilimuuliza kama shimo lile linamsumbua, akanijibu kwamba aliwahi kuteguka kifundo kwenye hoki na kwamba kila mara huangalia asiukanyage ukingo ule. Mwezi mzima nilikuwa nikisimama hatua nne kutoka kwenye shimo hilo.

Uamuzi wa pili na sababu zake

Tulikubaliana, mimi na K pamoja, kuondoa mambo badala ya kuongeza. Agizo la kupiga kwenda chini liliondolewa, gongo zito likawekwa stoo, na mguu wa nyuma ukaachwa ufuate wenyewe. Shimo lilijazwa maramu, likamwagiwa maji na kushindiliwa.

Kisha tulishughulikia mguu peke yake. Kwa wiki mbili K alipiga bila hatua: miguu yote miwili ilikuwa chini tangu mwanzo, kisigino cha mbele kimeinuliwa kidogo, na alichofanya ni kukishusha kisigino mrushaji anapouachia mpira. Nguvu ilipungua, na hilo tulilitarajia. Nilitaka mwili wake uzoee kuwa tayari kabla ya uamuzi, kwa sababu hapa ndipo hoki na besiboli zinapoachana njia: kwa mpigaji wa besiboli, kutia mguu chini si ahadi ya kupiga. Mguu unatua kwa kila mpira, unaofaa na usiofaa, na uamuzi unafuata baadaye. Wiki ya tatu tulirudisha hatua fupi, iliyoanza mkono wa mrushaji unapokwenda nyuma na kumalizika kabla mpira haujafika nusu ya safari.

Kwa mikono tulitumia wavu. K alisimama mbali na wavu kwa urefu wa gongo lake kutoka kitovuni, akatakiwa kugeuka na kupiga hewani bila gongo kuugusa. Mikono ikinyooka mapema, gongo linakwaruza wavu na kila mtu anasikia. Sikumweleza kanuni ya mraba wa umbali. Nilimletea fyekeo tukaenda pembeni ya uwanja tukafyeka pamoja kwa dakika kumi. Kati ya yote niliyomwambia kwa miezi miwili, dakika hizo ndizo alizozitaja baadaye.

Mabadiliko ya mwisho yalihusu namna ya mazoezi. Kigingi kilibaki kwa ajili ya kupasha mwili tu. Badala yake nilikaa nyuma ya kizuizi cha wavu mita 9 mbele yake, nikamrushia mipira kwa kasi ya takriban kilomita 54 kwa saa. Mpira huo ni wa polepole na hauogopeshi, lakini kutoka umbali huo unafika baada ya sekunde 0.6, sawa kabisa na ule wa mrushaji wetu aliye kwenye tuta. Kocha yeyote asiye na mashine ya kurushia mipira anaweza kumpa mpigaji wake muda wa mechi kwa njia hii, bila kuuchosha mkono wa mrushaji yeyote.

Matokeo

Baada ya wiki sita tulichukua video tena kutoka mahali palepale. Mguu wa mbele ulitua picha 60 kabla ya mguso na mikono ilianza picha 43 kabla ya mguso. Mpangilio ulikuwa umerudi, na safari ya gongo ilikuwa imepungua kwa picha tisa, karibu sekunde 0.04. Mpira wa kilomita 105 kwa saa husafiri kama mita moja katika muda huo. Kwa maneno mengine K sasa aliutazama mpira mita moja zaidi kabla ya kulazimika kuamua.

Katika mechi tano zilizofuata alipata zamu 17, mapigo salama sita, yaani yaliyomfikisha besini, na alitolewa kwa straiki tatu mara nne. Mipira minne aliyoipiga ilipita juu ya vichwa vya walinzi wa ndani kwa mstari ulionyooka, aina ya pigo ambayo hakuwa ameipata hata mara moja hapo awali. Alirudi pia kuuliza maswali.

Tatizo moja jipya lilizuka. Mrushaji mmoja wa timu pinzani, aliyemsoma haraka, alianza kumchanganyia mipira ya polepole ya takriban kilomita 85 kwa saa. Mpira wa namna hiyo huchukua zaidi ya sekunde 0.1 kuliko ule wa kasi. K alitia mguu mapema kama tulivyomfundisha, lakini uzito na nyonga vikaondoka pamoja na mguu, na aliupiga mpira mapema mno, nje ya mstari wa besi ya tatu. Zamu tatu kati ya zile alizoshindwa ziliharibika hivyo.

Uchambuzi

Kosa langu kubwa lilikuwa kutibu mahali palipoonekana kuuma. Mikono ndiyo inayoonekana kwa jicho la kawaida, kwa kuwa ndiyo inayoshika gongo, na kosa la mikono ya K lilikuwa la kweli. Lakini kosa hilo lilikuwa mwisho wa mnyororo uliokatika chini. Katika mwendo ambao kila kiungo hupokea kasi kutoka kwa kilichotangulia, kiungo cha mwisho hubeba lawama za vyote. Leo, mpigaji anapoonekana kutangulia kwa mikono, natazama kwanza mguu wa mbele, kisha natazama ardhi ulipotua.

Kuhusu kigingi, sikitupi, lakini kilinidanganya kwa njia mbili tofauti, na ni muhimu kuzitenganisha. Safari ndefu ya mikono ilikuwapo kwenye kigingi pia, picha 53, ila haikumgharimu K chochote kwa kuwa mpira uliokaa haumwadhibu anayechelewa. Mguu uliochelewa haukuwapo kabisa, kwa kuwa hakukuwa na mpira wa kungojea. Kosa la kwanza kigingi kililificha, na la pili hakikuweza kulizalisha. Hata ningekuwa na jicho la mwewe, nisingeliona kosa la pili pale.

Agizo la kupiga kwenda chini lilikuwa na kasoro hata lingetolewa kwa mpigaji asiye na tatizo. Tuta la mrushaji lina kimo cha sentimita 25, mkono wake uko juu zaidi, na mvuto wa dunia unauvuta mpira njiani, kwa hiyo mpira hufika ukiwa unashuka: kwa mpira wa kasi wa wachezaji wa kulipwa ni takriban nyuzi 6, na kwa mipira ya polepole kama yetu pembe ni kubwa zaidi. Gongo linaloshuka na mpira unaoshuka njia zake hukatana mahali pamoja tu, na anayekosea muda kidogo anakosa kila kitu. Gongo linalopanda kidogo kuulaki mpira hukaa kwenye mstari wake kwa muda mrefu zaidi, na kosa dogo la muda linasamehewa. Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa Marekani aliyemaliza msimu wa 1941 akiwa na wastani wa .406, yaani mapigo salama manne na zaidi kwa kila zamu kumi, alilitetea jambo hili maisha yake yote mbele ya makocha waliosisitiza kinyume chake. Nililijua jambo hilo kwa akili. Nilipobanwa na matokeo mabaya nikarudia nilichoambiwa utotoni.

Kwa mguu wa nyuma, ukitazama wapigaji wakubwa kwa mwendo wa polepole utaona kwamba wakati wa mguso mguu huo mara nyingi hauna uzito, kidole kinaburuta tu au kimeinuka. Unazunguka kwa sababu nyonga imegeuka. Niliagiza matokeo yatangulie sababu yake, na mwili wa kijana mtiifu ukanitii.

Lipo jambo ambalo kisa hiki hakiwezi kulijibu, na kosa ni langu. Shimo lilijazwa wiki ileile tuliyoanza kazi ya mguu. Kwa hiyo siwezi kusema ni sehemu gani ya mabadiliko iliyotokana na maramu na ni sehemu gani iliyotokana na mazoezi. Ningejaza shimo kwanza, nikachukua video baada ya siku chache, kisha nikaanza mazoezi, ningejua. Nina hakika mazoea ya hoki yalihusika, kwa sababu wachezaji wengine wawili wa hoki waliokuja baadaye, wakapiga kwenye kisanduku kilichosawazishwa, walichelewesha mguu vilevile. Lakini wao hawakuchelewa kwa kiasi cha K, na huenda tofauti hiyo ni ule ukingo. Zamu 19 na zamu 17 nazo ni chache mno kuthibitisha kitu zikisimama peke yake. Warushaji hawakuwa walewale, na mpigaji yeyote hupita vipindi vya heri na shari. Ushahidi ninaouamini ni ule wa picha, kwa sababu unaonyesha mpangilio wa mwili wenyewe, na mpangilio huo haukubadilika kwa bahati.

Tatizo la mipira ya polepole nalilaumu kwenye mafundisho yetu. Tulimfundisha mguu kutua mapema, lakini hatukumfundisha kubakiza uzito nyuma ya mguu huo baada ya kutua. Mazoezi ya mita 9 yalikuwa na kasi moja tu, sekunde 0.6 kila mara, na mwili wake ukajifunza saa hiyo moja kwa uaminifu. Sasa ninakaa pale pale nyuma ya wavu nikiwa na alama mbili ardhini, moja mita 9 na nyingine mita 11, na ninarusha kwa mkono uleule bila kumwambia nitatumia ipi. Kutoka mita 11 mpira unampa zaidi ya sekunde 0.1 ya nyongeza. Katika siku nne za kwanza K aliwahi mipira mingi ya alama ya nyuma. Juzi aliukanyaga mguu mapema, akabaki ametulia juu ya goti la nyuma, akaungoja mpira mpaka ukafika, akaupiga upande wa kulia juu ya kichwa cha mlinzi wa besi ya pili, kisha akageuka kunitazama kama nimeona.